Namba za Kumfurahisha Dada

Dada yangu hakuwahi kupiga hodi kabla ya kunusa. Alisimama mlangoni, akavuta hewa polepole, na mwenye nyumba akifungua, tayari alishajua kama jiko la mkaa linawaka ndani au ukuta umepakwa rangi jana. Hata kwangu hakunisamehe. "Umepuliza dawa ya mende, wewe," ndiyo ilikuwa salamu yake.

Watu walimwita Mama Pumzi. Shule aliishia darasa la saba. Mengine alifundishwa na pumu aliyokuwa nayo tangu utotoni. Utafiti wa pumu ulipoletwa kwenye kituo chetu cha afya, alichukuliwa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Mimi, mwenye stashahada, nilipewa chumba cha nyuma na kompyuta, niingize namba. Kila mgonjwa alikuwa na kipimo, kibomba cha plastiki chenye mshale unaoonyesha nguvu ya pumzi. Asubuhi na jioni alikipuliza mara tatu, akaandika namba kubwa kati ya hizo tatu kwenye daftari. Kila Ijumaa walikuja kituoni, dada akayakusanya madaftari.

Ijumaa hizo nilizichukia. Alipoingia ukumbini, mabenchi yote yalichangamka. Fundi viatu, mzee aliyepuliza kama anayezima moto, alipaza sauti: "Mama Pumzi, wiki hii nimevunja rekodi!"

"Rekodi vunja, baba, kipimo uniachie. Sina kingine."

Ukumbi mzima ukacheka. Kisha mmoja wao akaja dirishani kwangu: "Samahani, karani, Mama Pumzi kaelekea wapi?" Miaka minane pale, na hakuna aliyewahi kuniuliza jina. Nilikuwa namwelekeza kwa kidole tu.

Barabara ya mtaa wa wagonjwa wa dada ilipochimbwa, vumbi lilitanda wiki nzima na chumba cha dharura kikajaa watu wanaohema. Ajabu, madaftari ya mtaa huo hayakuonyesha namba hata moja iliyoshuka. Fundi viatu alilazwa kwetu Jumanne, kipimo kikabaki nyumbani kwake, daftari akaja nalo. Kwenye mstari wa Jumatano, daftari hilo lilikuwa na namba kubwa kuliko zote.

Nilielewa palepale kwamba namba zilikuwa za kubuni. Kutoka kwenye kiti changu hadi alipokuwa dada ni hatua ishirini. Sikuzipiga. Niliandika ripoti, nikatia sahihi, nikampelekea daktari wa utafiti, na nilikuwa na furaha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Nguoni mwa dada nilikuwa mimi.

Daktari alituita sote wawili, akamgeukia dada. "Namba hizi umewaandikia wewe?"

"Hapana, daktari. Nipe kesho nikawaulize."

Alizunguka nyumba zote, akarudi sauti imemkauka. Waliandika wenyewe. Fundi viatu, aliyekuwa ametoka wodini siku hiyo, ndiye aliyemweleza: "Mwanangu, ulikuwa unafurahi sana tukipata kubwa. Nani angekuwa na moyo wa kukupa ndogo?"

Madaftari thelathini na moja yaliondolewa kwenye utafiti, na dada akaondolewa pamoja nayo. Wagonjwa wake walihitaji mtu mwingine wa kuwatembelea. Daktari akanichagua mimi.

Wiki ileile dada alihamia mji mwingine, na anafanya kazi kwenye zahanati ya huko. Huu ni mwaka wa tatu. Nikimpigia hapokei, nikimwandikia ujumbe ananijibu kwa picha ya kidole gumba, basi. Mara ya mwisho kuisikia sauti yake ni siku aliponiletea begi la vipimo. Ripoti alikuwa ameshaisoma, na sahihi yangu ameiona. Nilitamani anitukane. Aliliweka begi mezani, akanitazama, akasema:

"Fundi viatu usimuulize kama hajambo, mdogo wangu, atakwambia hajambo. Apulize ukimwangalia. Na ikitoka ndogo, usikunje uso."