Sekunde Arobaini na Moja za Kunyamaza

Jambo lote liligharimu viazi karai mia moja na vinne, banda moja la kutazamia mpira, na furaha ya mjomba wangu Mbarak. Viazi nilivihesabu mara mbili. Hayo mengine sikuijua bei yake mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Banda lenyewe, huko kwetu Timbwani, lilikuwa la kuku wa mama, na jua likipiga mabati lilikumbuka asili yake: harufu ya kuku ilipanda ikakutana na jasho la wanaume thelathini. Mjomba alilisafisha, akapanga viti vya plastiki, akatundika shuka jeupe, akawa anaonyesha mechi kwa laptopu na projekta. Picha ilikuja kwa mtandao, kwa sababu mtandao ulikuwa nafuu kuliko kulipia dishi. Mwaka ule hakuwa na kazi nyingine. Banda likijaa alasiri, usiku tulikula samaki. Shida ilikuwa ukuta. Upande wa pili aliishi Bi Zuhura, wa ukoo wa wauza vitambaa tangu babu zake, na dishi lake juu ya paa. Mimi na wenzangu watatu wa mtaani alituosha miguu, akatuketisha mkekani sebuleni tutazame bure. Na mpira wa dishi uliutangulia wa mtandao. Mechi ya kwanza tulipiga ukelele wa goli, na kule bandani, kwenye shuka, kipa alikuwa bado anafunga kamba za kiatu. Mteja mmoja aligeuka taratibu. "Mbarak," alisema, "watuuzia kiporo kwa bei ya wali wa moto."

Mjomba alinijia mimi, kwa kuwa sauti yangu ndiyo iliyovuka ukuta vizuri kuliko zote. Alitaka tunyamaze mpaka tusikie banda limeshangilia. Alianza na kiazi kimoja cha karai, kilichokaangwa kwa unga wa dengu, kwa kila mtoto. Nilimwambia kunyamaza ni kazi nzito kuliko kupiga kelele, na kazi nzito ina ujira wake. Tukapatana vitatu vitatu, na ukwaju juu yake, vilipwe kabla ya mpira kuanza. Kisha nikalipima pengo: tangu goli la Bi Zuhura mpaka mshindo wa bandani, sekunde arobaini na moja. Mechi ya pili nikarudia, nikapata arobaini na tatu.

Mechi saba tulitimiza ahadi, na siri yetu ilikuwa moja: mtu mwenye kiazi mdomoni hawezi kupiga ukelele. Goli likiingia tulikisukuma ndani, vidole vya miguu vikichimba mkeka, macho yametutoka, huku kila mmoja akihesabu kichwani. Sijawahi kuwashwa na mwili namna ile tena. Bi Zuhura alituuliza kama tumerogwa au hatimaye tumelelewa.

Fainali ilivuta watu hata kutoka Mtongwe. Wateja walikuwa wamekwisha kumwonya mjomba: kiporo kimoja tena, wanahamia banda la karibu na stendi, lenye dishi. Hilo nililijua. Nilikuwa pia nimeiona foleni mlangoni, nikapandisha bei mpaka vitano. Mjomba alisimama na beseni lake la vitatu vitatu. "Mwanangu, leo usinifanyie hivi," akasema. Nikamjibu si neno, atalipa vitano baada ya mechi, sisi tutangoja. Akaondoka na beseni, nami nikajiona mjanja. Hivyo fainali ikatukuta midomo mitupu. Dakika za mwisho ikatoka penalti, wavu ukatikisika, na kabla sijajua, sauti yangu ilikuwa imeshavuka ukuta.

Bandani hakukusikika kelele. Vilisikika viti vya plastiki vikikwaruza sakafu. Goli lilifika kwa wakati wake, likamkuta mjomba na shuka lake. Magharibi alikuja kwetu na gazeti lililolowa mafuta, ndani yake viazi ishirini. "Vitano vitano, kama tulivyopatana," alisema, akenda zake. Wenzangu walikula. Vyangu vilipoa. Wiki ya pili yake kuku walirudi bandani.

Sasa naishi Kiembeni, orofa ya tatu, sina runinga. Mechi natazama kwa simu. Zamani kila aliyekuwa na antena aliruka pamoja na mwenzake. Siku hizi goli linapanda ngazi: wenye dishi wanashangilia, kisha wenye mtandao wa kasi, mwisho mimi, ninayetazama pasi za katikati ya uwanja nikijua tayari zinaishia wapi, nainuka, naketi, nainuka tena. Mjomba ameota mvi na hajawahi kutazama mpira nami tangu siku ile. Jumapili hii amekubali kuja tuone fainali. Lakini mlango wa pili una dishi, na una Kadzo, mwenye miaka minane na sauti ninayoitambua. Nilikwenda kupatana naye, nikaanza na viazi vitatu. Alinitazama kuanzia miguuni. "Viazi nakula kwetu, anti," akasema. "Nipe pasiwadi ya Wi-Fi, mimi na wenzangu wanne."

Nikiwapa, watano hao watauelemea mtandao wangu, picha yangu ichelewe hata dakika mbili, na sijaona mtoto awezaye kunyamaza dakika mbili. Nisipowapa, mjomba atalisikia goli la fainali kupitia ukuta kwa mara ya pili maishani mwake. Hesabu nimeipiga mara mbili, haikai. Nanyi mliowahi kupatana na mtoto wa miaka minane, nishaurini: nimpe nini? Kulipa, safari hii, nitalipa kabla.