Konokono Wangu wa Kushoto

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kwanza, ninyi mtafuata. Nafanya kazi kwenye jumba dogo la makumbusho hapa Lodwar. Wiki jana nilipewa visukuku vya konokono wa bahari, wa kabla ya dinosaria, nivilinganishe na picha za kitabuni. Kwa madaha nikajipiga selfi nimeshika kimoja. Jioni nikaangalia simu, moyo ukaruka: wa kitabuni amejisokota kulia, wangu kushoto! Aina mpya! Nikajiona tayari vitabuni, Wafula mimi.

Kisukuku chenyewe sikukiangalia tena. Kesho yake nikawa Kakuma, shuleni. “Ejok!” nikasalimu darasa kwa Kiturkana, nikarusha selfi ukutani kwa projekta, nikatangaza aina yangu mpya, makofi yakalia. Mwalimu wao Achol, mzaliwa wa Sudan Kusini, akaikazia macho.

“Bwana Wafula, mimi niliingia Kenya kwa Nadapal pale mpakani, nimetembea mpaka Eliye kule ziwani. Lakini hii RAWDOL kwa fulana yako iko wapi?”

Nikageukia ukuta. Selfi ilikuwa imegeuza LODWAR ya kifuani mwangu kama kioo, na konokono wangu pamoja nayo.