Vipimo vya Kuletewa

Mama Futi alijua kuna jambo tangu alipomsikia binti yake akiimba huku anaosha vyombo. Kitinda, mwanawe wa mwisho, hakuwa mtu wa kuimba, na vyombo aliviosha kwa kusukumwa. Mama akaiacha cherehani, akaenda kusimama mlangoni mwa jiko, futi ya kupimia wateja ikining'inia shingoni. Hiyo futi ndiyo iliyompa jina mtaani.

Akaambiwa amepatikana mnunuzi wa jina la Baba.

Marehemu mumewe alikuwa na kibanda cha kuchapa barua. Zamani, watu walipokuwa wakimcheka, alisajili jina la mji wao liwe anwani ya tovuti. Jina tupu la mji, bila neno la ziada. Kila mwaka alililipia ada lisichukuliwe na mwingine. Alipofariki, Kitinda alirithi jina pamoja na ada yake. Ya mwaka huu ilikuwa imekunjwa ndani ya kopo la vifungo, na zilibaki siku tisa. Isipolipwa, jina linaachiliwa, na yeyote analiokota.

Mnunuzi aliandika kutoka mbali. Hakuomba apunguziwe hata senti. Bei aliyotaja ilikuwa mara kumi ya ile aliyokadiria Kitinda mwenyewe, ila alitaka kwanza cheti cha thamani kutoka kwa mthamini mmoja wa mtandaoni, ambaye anwani yake aliiambatisha. Gharama ya cheti ilikuwa karibu sawa na kilichokuwa koponi.

"Kopo litarudi limejaa, Mama," alisema Kitinda, mikono ina povu.

Mama Futi aliomba aonyeshwe huo ukadiriaji wa nyumbani, na Kitinda akaleta daftari. Humo alikuwa ameandika idadi ya watu wa mji, nyumba za wageni, watu wangapi kwa mwezi hutafuta mji huo wakitaka chumba au kiwanja, na majina ya miji ya ukubwa ule yaliuzwa kwa kiasi gani. Alikuwa amekata kidogo kwa sababu wageni huja msimu mmoja tu. Mama alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Shule hakwenda sana, lakini hesabu ya mtu aliyepima mwenyewe aliitambua.

"Na huyo mthamini, umemchagua wewe?"

"Amemchagua mnunuzi."

Hapo ndipo Mama Futi alipoketi juu ya ndoo. Miaka yote ya ushonaji hakuwa akipokea vipimo vya kuletewa. Mteja aje mwenyewe, asimame, apimwe. Mara moja tu alikubali karatasi, ya bibi harusi, iliyoletwa na shangazi mwenye maneno matamu. Gauni halikupita mabegani, shangazi hakuonekana tena, na kitambaa alikilipa yeye.

"Mwandikie kwamba tutapimiwa na mtu wetu," alisema. "Tena gharama juu yetu."

Kitinda alinuna. Alisema Mama humshuku hata muuza maziwa, jambo ambalo lilikuwa kweli, na muuza maziwa mwenyewe alilijua. Lakini aliandika. Jibu lilikuja kabla povu halijakauka: mthamini ni yule yule, na leo hii, la sivyo biashara haipo.

Mama Futi alilisoma mara mbili. "Huyu bei haimuumi. Kinachomuuma ni mpimaji."

Kitinda akaanza kuuliza katika kundi la simu la wenzake wanaouza majina ya tovuti kama yeye. Kufika alasiri, wawili walikuwa wamejibu. Mmoja alinunua cheti kama hicho, na tangu siku hiyo mnunuzi wake hajapokea simu; wa pili alikuwa ametajiwa mthamini yule yule. Kitinda alizima simu yake, akamalizia vyombo bila kuimba. Asubuhi yake alikwenda kulipa ada, na mama yake akamsindikiza mpaka aione risiti.

Yakabaki makosa ya upande wa pili, na hayo yalikuwa ya Mama Futi. Mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi alikuwa amekuja mara mbili kuulizia jina hilo, naye akamfukuza kwa sababu alitabasamu kupita kiasi. Sasa ilimbidi aende mwenyewe. Alimkuta anahesabu mashuka. Kumbe tabasamu lile ni meno ya bandia yasiyomkaa vizuri.

Mwenye nyumba ya wageni alikuja na kuketi na daftari la Kitinda saa nzima. Alilalamikia idadi ya wageni, akalalamikia msimu, akasema bei ni ya kumtoa roho. Kila alivyozidi kulalamika ndivyo Mama Futi alivyozidi kutulia. Mwisho walikubaliana akodi jina kwa mwaka, lenyewe libaki la kwao.

Mgeni alipoondoka, Mama Futi alilirudisha kopo mahali pake. Kisha akamwomba Kitinda aliandike lile jina kwenye simu, aone kama bado linafunguka. Likafunguka. Akamwomba ajaribu tena.