Vidole Vinne vya Mama Pindo

Kila siku ya kazi, saa moja na robo asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, mke wangu hubishana na redio. Huiweka simu juu ya meza ya cherehani, na mtangazaji akishasoma vichwa vya magazeti na kuwaruhusu wasikilizaji, yeye huwa wa kwanza kupiga. Wameshamzoea. Wakisikia sauti yake husema, "Mama Pindo huyo, mpeni nafasi." Jina walimpa wao, kwa sababu hawezi kuzungumzia bajeti wala bei ya mafuta bila kurudi kwenye pindo la nguo.

Mimi ni mpiga pasi wake. Ni mume wake pia, lakini pale kibarazani cheo kinachotambulika ni cha pasi. Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya meza yangu, moshi wa mkaa puani, nikinyoosha suruali huku yeye akiinyoosha serikali.

Serikali ilipounda mamlaka ya kusimamia bei ya vitunguu, alisema vitunguu vimeuzwa tangu enzi za bibi yake bila kuwa na mkurugenzi, na kwamba kabla ya mwaka kwisha mkurugenzi atakuwa na gari na vitunguu havitakuwepo. Haikuchukua mwaka. Ilichukua miezi saba. Ulipotangazwa mkopo mkubwa wa kujenga uwanja wa michezo, alisema hata fundi anayejifunza haruhusiwi kutumia kitambaa chote bila kubakiza cha kurekebishia, sembuse waziri. Hapendi kodi mpya, hapendi ahadi za bure, hapendi wizara zinazozaana. Anachotaka ni mtu afanye kazi yake, alee wanawe, aheshimu jirani, kisha aachwe apumue. Vijana wa duka la simu mkabala nasi humwita mama wa zamani, naye huwajibu kwamba hiyo zamani ndiyo iliyowanyonyesha.

Basi asubuhi moja habari ikawa yetu sisi. Mtangazaji alisoma kwamba halmashauri ya mji inapendekeza sare zote za shule zishonwe na kiwanda kimoja, kila mtoto kwa kipimo chake, zikatwe na mashine inayoongozwa na kompyuta. Mafundi wa vibarazani wasiruhusiwe tena kushona sare. Madiwani wangepiga kura baada ya wiki sita.

Cherehani zote nane zilisimama. Gauni la harusi huja mara mojamoja, lakini mtoto hukua kila mwaka. Bila sare, robo tatu ya kazi yetu ingekwenda, na wale mafundi saba wanaoshona na mke wangu wangerudi nyumbani mikono mitupu. Yeye akanyanyua simu.

"Sina ugomvi na kiwanda," aliwaambia. "Kiuze. Na mimi niuze. Mzazi achague. Tangu lini diwani akajua kiuno cha mwanangu?"

Mtangazaji alicheka. Mimi sikucheka. Nilishaona mambo mengi yakipitishwa na wenye tai huku watu wa redio wakicheka, na moyoni nilijua safari hii mke wangu atashindwa.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya, wala sitajipaka mafuta. Ijumaa jioni, mke wangu akiwa amekwenda kununua vifungo, alikuja wakala wa kiwanda. Kijana mtanashati, shati lake lina mkunjo ambao hata mimi nisingeukosoa. Aliniambia kiwandani kutakuwa na ukumbi mzima wa pasi za mvuke, na unahitaji msimamizi mzoefu, wa mshahara. Halafu akaniomba kitu kidogo tu: alitazame daftari la vipimo la mke wangu.

Daftari hilo lina jalada jeusi na lina watoto wa shule tatu: kifua, bega, mkono, kiuno, urefu. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo mke wangu hupanga watoto foleni pale kibarazani na kuwapima mmoja mmoja, akiandika kwa penseli. Nililitoa kwenye droo nikampa. Nilikuwa naogopa uzee, basi. Akalirudisha Jumatatu alfajiri, limekunjamana kana kwamba lililaliwa. Nikalipitishia pasi ya uvuguvugu, jalada na kurasa, nikalirudisha mahali pake kabla mwenyewe hajafika.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu wa kutazama chini. Mke wangu alinipa chai, alinipa nguo, hakuniuliza neno. Asubuhi alipiga simu redioni kama kawaida, safari hii kuhusu ruzuku ya mbolea, akasema mkulima akilishwa kwa kijiko atasahau njia ya shamba. Sauti ilikuwa ileile. Mimi niliunguza kola mbili, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nioe.

Siku ya kikao ukumbi wa halmashauri ulifurika hadi madirishani. Feni ilizunguka kwa kulalamika. Kiwanda kilileta wanafunzi sita, wakavalishwa sare mpya chumba cha pembeni, wakakalishwa benchi la mbele. Walimeta. Watu walipiga makofi, na mimi kama mtu wa kazi hiyo nakiri kitambaa kilikuwa kizuri na pasi ilikuwa safi. Wakala alisimama akaeleza kwamba kila sare imekatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, haikuzidi wala kupungua robo inchi. Nikatazama viatu vyangu.

Mwenyekiti, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti, akampa mke wangu dakika tano.

Nilitegemea aanze na kodi, afike kwenye katiba. Hakugusa hata kimoja. Alikwenda mbele na mkoba wake, akawasalimia wale watoto, akasimama mbele ya msichana mrefu wa darasa la sita.

"Mwanangu, mwalimu akiuliza swali na wewe unalijua jibu, unafanyaje?"

Msichana akanyoosha mkono juu. Shati likachomoka lote kwenye sketi, na kwapa likapasuka kwa mlio uliofika viti vya nyuma. Mke wangu akamwomba msichana wa pili amwokotee penseli aliyoiangusha. Mtoto aliinama kwa utiifu, na kifungo cha kiuno kikaruka, kikagonga meza ya katibu. Kicheko kilianzia madirishani kikaingia ndani. Wa tatu alipoona anafikiwa yeye, alikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili.

Mke wangu aliwangoja wanyamaze. Akamgeukia wakala, wala hakumgombeza.

"Mmekata vizuri, baba. Mmefuata kilichoandikwa sawasawa. Ila kiliandikwa mwanzoni mwa mwaka, na huu ni mwezi wa saba."

Kisha akamwita mama wa yule msichana mrefu, aliyekuwa amekaa nyuma na sketi ya zamani ya binti yake kwenye mfuko. Mke wangu aliitandika juu ya meza ya madiwani, akatoa kiwembe chake kidogo, akafumua pindo. Kitambaa kikashuka vidole vinne, rangi yake bado mpya kwa sababu hakijawahi kuona jua. Akafumua na mshono wa kiuno, akaonyesha kingine kilichojificha humo.

"Nilipompima, nilimpima wa siku ile," alisema. "Nilipomshonea, nilimshonea na huyu wa leo. Hii haimo kwenye daftari, kwa sababu hakuna fundi anayehitaji kuandikiwa. Kiwanda kikijifunza, kije sokoni, tushindane. Lakini msitufukuze sisi tunaojua ili muwape wanaoanza kujifunza."

Halafu akamtazama mwenyekiti, na nikajua kuna jambo linakuja, maana aliinua nyusi kama anavyofanya kabla ya kunikatalia kitu.

"Mheshimiwa, suruali uliyovaa nilikushonea ulipochaguliwa mara ya kwanza. Nimeshaipanua kiuno mara mbili. Ukipitisha azimio hili, mara ya tatu utaipeleka kwa nani?"

Mwenyekiti alijaribu kujizuia. Alishindwa. Alicheka mpaka akafuta macho kwa karatasi ya azimio lenyewe. Kura zilipohesabiwa, kumi na tisa zilikataa na nne zilikubali. Kiwanda kiruhusiwe kushona, mafundi waendelee kushona, mzazi achague. Yale aliyoyasema redioni siku ya kwanza, karibu neno kwa neno.

Tulirudi mtaani kama wenye harusi. Mafundi saba walipiga vigelegele njia nzima, na vijana wa duka la simu waligombania kumbebea mama wa zamani mkoba wake. Nilifurahi kweli, furaha ya kutaka kulia, kisha nikakumbuka daftari. Tulipofika kibarazani niliweka pasi chini.

"Mke wangu, lile daftari."

"Ulimpa Ijumaa," alisema, akitia uzi kwenye sindano. "Nilirudi na vifungo nikakuta droo tupu. Jumatatu nililikuta limenyooka kona zote. Mwizi gani huyo anayepiga pasi daftari?"

Nilikaa. Nikamwuliza kwa nini alikaa kimya wiki zote zile.

"Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira, nisingeongea vizuri. Hukuona kwa sababu ulikuwa unatazama sakafu. Baadaye nikafikiri: nikisema, utakimbia kuwaambia waongeze vidole vinne. Nikaona niwaache wakate." Akakata uzi kwa meno. "Miaka ishirini na sita unanyoosha mapindo yangu, mume wangu, na hukujua kilichomo ndani. Sasa kompyuta ingejuaje?"

Alinisukumia kikombe cha chai, nikajua nimesamehewa, ingawa sukari hakutia.

Asubuhi ya pili, saa moja na robo, alipiga simu redioni. Mtangazaji aliacha vichwa vya habari vyote, akamwuliza fundi mmoja wa kibarazani aliwezaje kuishinda halmashauri.

"Wao walikuwa na kiwanda, walikuwa na kompyuta, na walikuwa na mume wangu," alisema. "Mimi nilikuwa na kitambaa cha ziada. Sasa tuje kwenye hii kodi mpya ya maji."

Mji mzima ulisikia. Mkabala, duka la simu liliangua kicheko. Nikaongeza mkaa kwenye pasi, nikavuta sketi ya kwanza ya siku, na kabla ya kuinyoosha nikaingiza vidole vyangu ndani ya pindo. Vilitosha vinne.