Mfunga Vitabu Niliyempeleka Likunja

Nilifika Likunja na dainamo ya baiskeli niliyoinunua kwa fundi sokoni Nachingwea. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa darasa la saba, na mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili. Dada alishamwambia ajaze majibu ovyo. Huku kwetu wengi tumeambiwa hivyo: ukifeli, sekondari haikuhusu, na nyumba inabaki na mikono ya kuokota korosho. Baba aliniambia hivyo hivyo. Nikatii, nikafeli, na tangu hapo sijakaa mji mmoja miaka miwili.

Nikaipindua baiskeli ya shemeji, nikaibana dainamo kwenye tairi. Binti akazungusha pedali. Taa ikawaka.

“Mjomba, betri iko wapi?”

“Hakuna. Ndani mna sumaku na waya. Sumaku ikitulia, hupati kitu. Ikizunguka karibu na waya, umeme unatembea.”

Nikamsimulia aliyeligundua jambo hilo: mtoto wa mhunzi, huko Uingereza, aliyeacha shule mapema akafundishwa kufunga vitabu. Alivyovifunga alivisoma. Akaenda kumsikiliza mwanasayansi mkubwa, akaandika aliyoyasikia, akayafunga yakawa kitabu, akampelekea. Ndivyo alivyoingia maabara, akianza kwa kusaidia na kuosha vyombo.

“Mtu ana taa, nyumba hana,” dada alinisema, akipepeta mbaazi. Binti alicheka. Mimi pia.

Siku ya mtihani nilikuwa Matambarale, napulizia dawa mikorosho ya watu. Niliporudi nilimkuta binti anafagia chini ya mikorosho yao.

“Ulijaza vipi?”

“Kama mama alivyosema. A, A, A, mpaka chini.”

“Na yote niliyokueleza?”

“Si ndiyo hayo, mjomba? Yule naye aliacha shule, na umeme akaujua.”

Nilitaka kumwambia kwamba yule alishinda kutwa katikati ya vitabu, wakati nyumba ya dada ina msahafu na kalenda ya duka la pembejeo tu. Lakini nilikuwa nimeshachelewa.

Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto wa dada yake. Ningesema tu, “Huyu atajibu kweli,” dada angenuna wiki nzima, lakini angekubali. Ila mjomba akishasema hivyo, inabidi akae hapo, alime, asomeshe. Nililijua hilo tangu nilipoingia uani. Ndiyo maana nilisimulia hadithi tu.