Siku Doyen Alipopiga Kura Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilivikwa cheni ya shaba shingoni, nikakabidhiwa sanduku la kura, nikaonywa nisiliondolee macho hata nikishikwa na chafya. Nilikuwa huissier, yaani mtumishi wa ukumbi: ndiye anayetangaza wakubwa wanapoingia, na siku ya uchaguzi ndiye anayezungusha sanduku. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na Bukavu ilinukia kahawa na matope.

Bunge la jimbo likiwa jipya halina rais, yaani spika wake. Hapo kanuni humtafuta mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote, anayeitwa doyen, humkalisha kwenye kiti kikubwa na kumwekea kando wabunge wawili wadogo kuliko wote, mpaka rais wa kweli achaguliwe. Doyen wetu alikuwa mkulima wa maharagwe kutoka Walungu, mwenye suti ambayo ingetosha yeye na ndugu yake.

Mkuu wangu, Directeur wa utawala, hakuwa mtu wa kucheka. "Uko mu majaribio," aliniambia. "Hii sanduku ikileta maneno, kesho usirudie hapa."

Nikamwitikia, nikalikumbatia sanduku. Nyumbani, mtaa wa Nguba, mke wangu alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mume wake yuko bungeni. Hakuwaambia kama nani.

Wagombea walikuwa wawili. Wabunge waliitwa mmoja mmoja, wakasaini, wakatumbukiza bahasha. Mwisho nikampelekea doyen sanduku kitini. Akatumbukiza yake. Akarekebisha tai, akachukua karatasi na bahasha nyingine kwenye rundo la mezani, akaijaza karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaitumbukiza nayo kwa utulivu wa mtu anayepanda mbegu.

Niliona, nikalipeleka sanduku kuhesabiwa. Kwetu mzee haambiwi mbele ya watu kwamba amekosea.

Walipohesabu, bahasha zilizidi saini kwa moja. Ukumbi ukavuruguka. Kila upande uliuita mwingine wezi, kisha pande zote zikakubaliana kunitazama mimi.

"Nani alikamata sanduku?" Directeur akauliza.

"Miye, Directeur."

"Toa cheni."

Mkono wangu ulikuwa tayari shingoni nilipopata njia. Nikainama mbele ya kiti kikubwa.

"Papa Doyen, naomba kuuliza. Président wa kikao amekwisha kupiga kura?"

"Amekwisha."

"Na Mheshimiwa wa Walungu?"

"Naye pia. Sikumusahau."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee akashangaa kwa dhati.

"Munacheka nini? Mubunge iko na kazi yake, na président iko na yake. Miye mubunge nimepigia jirani yangu. Miye président nimepigia mukwe wangu, mwenye alioa binti yangu. Sasa nani nimemukosea?"

Nikaona meno ya Directeur kwa mara ya kwanza. "Acha cheni pale iko," akasema.

Kura zikafutwa, tukaanza upya. Safari hii rundo la karatasi lilikaa mbali na meza ya doyen. Nilipomfikia alikuwa na karatasi moja, bado nyeupe. Akaninong'oneza, "Mutoto, mbili ilikuwa mwepesi. Sasa nani kati yao nitamukatala?"

Nikasimama na sanduku langu.

Nimestaafu sasa. Vijana wanaoingia kazi hii wanakuja kuniuliza mambo ya itifaki, nami nawaeleza namna ya kusimama na namna ya kutangaza. Nimezungusha sanduku miaka mingi, mbele ya watu wasomi, na karibu wote walitumbukiza huku wakitazama simu. Yule mkulima alikaa na karatasi yake mpaka wabunge wakaanza kukohoa. Alipoandika jina, alilifunika kwa kiganja hata mimi nisilione, na bahasha ilipoingia sandukuni aligeuza uso pembeni, kama mtu anayemchinja mbuzi aliyemlea mwenyewe.