Mama wa Hesabu Katoka Eda

Jumatatu nilikuwa kwenye duka la vipuri eneo la Gerezani, nasubiri ankara, akaingia mama wa hesabu. Ndiyo kwanza katoka eda ya mumewe. Akawasha kompyuta yake, akatafuta programu ya mauzo, hakuiona. Akamwita fundi wa kompyuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Programu yangu iko wapi?"

"Siku hizi sipiti tena meza kwa meza. Nimeuagiza mfumo: programu isiyoguswa miezi mitatu unaifuta wenyewe, matawi yote kwa mpigo."

"Basi nirudishie."

Fundi akajikuna shingo. "Nafasi yako kwenye programu kapewa binti wa tawi la Kariakoo, na nyingine hakuna. Bosi kasema usubiri nyumbani, utapigiwa."

Mama akashika ncha ya mtandio wake, akaikunja taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. "Mwanangu, si ulikuja msibani ukaniambia nipumzike, kazi ipo?"

"Nilikuja, mama. Ila mfumo haukujua."

Kweli haukujua. Mfumo hauendi msibani. Lakini mkono ulioupa amri ulikwenda, ukanawa, ukamega tonge la ubwabwa.